Mpira wa Danganya-Toto: Mkono wa Haraka, Mpira wa Polepole



Tangu mtaala wa umilisi uanze kuingia madarasani kote nchini mwaka 2019, softboli ni mmoja wa michezo inayofundishwa katika shule za msingi, na vikundi kadhaa vya akina mama na vijana vimeanza kuwasaidia walimu kuendesha timu za wasichana. Maswali ya mwanzo huwa yale yale: mpira tutaupata wapi, gongo litachongwa na nani, uwanja uwe na upana gani. Hayo huisha. Swali linalobaki ni la yule msichana mmoja anayerusha.

Kila timu inaye. Mpira wake unaruka haraka kuliko wa wenzake, na akishajulikana hivyo basi anarushishwa mchezo mzima, Jumamosi hadi Jumamosi, mpaka bega linamuuma na wapigaji wa upande mwingine wamemzoea. Wakishamzoea wanampiga. Na akipigwa, watu wazima waliosimama pembeni wanapiga kelele: "Ongeza nguvu!" Nguvu za kuongeza atazitoa wapi? Ana miaka 12.

Msaada anaouhitaji si nguvu. Ni mpira wa pili, wa polepole, unaotoka katika mkono ule ule wa haraka. Waamerika wanauita chenji-apu. Huku kwetu jina linaloshika upesi ni danganya-toto, nasi tutauita hivyo katika makala haya.

Kwa wale ambao hawajauona mchezo wenyewe, tueleze kidogo. Softboli ilianza Chicago, Marekani, mwaka 1887, ikichezwa ndani ya nyumba wakati wa baridi. Ni ndugu mdogo wa besiboli. Besiboli ndiyo waliyocheza vijana wa Lugazi, Uganda, mwaka 2012, walipokuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani. Wenzao wa Kampala walikuwa wamefuzu mwaka 2011 lakini wakanyimwa viza. Katika softboli mpira ni mkubwa zaidi na unarushwa kutoka chini, mkono ukipita kando ya nyonga. Mrushaji anasimama mahali pake, mpigaji ana gongo, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji. Mpira ukipita juu ya kibao, kati ya magoti na kwapa za mpigaji, bila kupigwa, hiyo ni straiki. Straiki tatu, mpigaji anatoka. Ukipita nje ya hapo naye asiufuate, hiyo ni boli, na boli nne zinampa mpigaji ruhusa ya kwenda besi ya kwanza bure.

Kwa wasichana wa miaka 11 na 12, mrushaji husimama mita 12.19 kutoka kwenye kibao. Wenye miaka 10 na chini husimama mita 10.67, na wakubwa wa shule za sekondari mita 13.11. Pimeni mara moja kwa kamba, mfunge fundo kwa kila umbali, kisha kamba hiyo itunzwe na mweka hazina. Kupima kwa hatua kunaleta ugomvi, maana hatua za mwalimu si hatua za mtoto.

KWA NINI POLEPOLE INASHINDA

Kila mama anayesoma hapa alicheza kati. Wawili wanasimama pande mbili, mmoja yuko katikati anaukwepa mpira. Mnamkumbuka yule msichana aliyekuwa hatari? Si yule wa nguvu tu. Ni yule aliyeinua mkono kwa hasira kama anataka kukuvunja mbavu, wewe ukaruka mapema, kumbe mpira unakuja taratibu na kukukuta ndiyo kwanza unatua. Huo ndio danganya-toto. Mkono ulikudanganya, si mpira.

Mpigaji wa softboli yuko katika hali hiyo hiyo. Hana muda wa kuungoja mpira aukague. Tuchukue msichana anayerusha kwa mwendo wa kilomita 65 kwa saa. Mkono wake unauachia mpira mbele kidogo ya pale aliposimama, kwa hiyo umbali unaobaki ni kama mita 10 na nusu hivi. Mpira unaufika mwisho wake kwa sekunde 0.6, yaani kufumba na kufumbua. Ndani ya muda huo mpigaji anatakiwa aone, aamue, akanyage mbele na alete gongo. Ndiyo sababu anaanza kujitayarisha kabla ya mpira kutoka, kwa kuangalia mkono wa mrushaji. Mkono ukizunguka kwa kasi, mwili wake unajiambia: unakuja sasa.

Sasa mkono uzunguke kwa kasi ile ile lakini mpira utoke kwa kilomita 50 kwa saa. Utafika baada ya sekunde 0.77 hivi. Tofauti haifiki sehemu moja ya tano ya sekunde, lakini gongo limeshapita. Au mpigaji anajizuia katikati, uzito wote umeshakwenda kwenye mguu wa mbele, na anaugusa mpira kwa mikono mitupu isiyo na nguvu ya kiuno. Mpira unabingirika hadi kwa mrushaji mwenyewe.

Kutoka hapo mnaona kosa kubwa kuliko yote. Mtoto akiambiwa "rusha polepole", atapunguza mkono. Ni kawaida ya binadamu. Na mkono ukipungua, mpigaji ameshaambiwa kila kitu. Anangoja, anatulia, anaupeleka mtoni. Kwa hiyo neno "polepole" lisitamkwe kabisa mbele ya mtoto anayejifunza. Mwambieni: "Mkono ni ule ule. Mshiko ndio umebadilika."

MKONO UNAVYOSHIKA

Kwanza ajue mpira wake wa kawaida unapata kasi wapi. Mkono unazunguka duara zima kama pangaboi, kutoka mbele, juu, nyuma, hadi chini kando ya nyonga. Mpira umeshikwa na vidole, si na kiganja. Unapopita nyongani, kifundo cha mkono kinachapa, na vidole vinausukuma mpira kwa mara ya mwisho. Watoto wetu wanaoamia ndege katika mashamba ya mpunga wanaujua mchapo huo bila kufundishwa: udongo ulioko kwenye teo hauendi mbali kwa sababu ya bega peke yake, unakwenda kwa sababu ya ule mchapo wa mwisho.

Danganya-toto ni kuuondoa mchapo huo na kuacha mengine yote kama yalivyo. Ziko njia kadhaa, nasi tunazipendekeza mbili tu.

Njia ya kwanza ni ya kiganja. Mpira unaingizwa ndani kabisa ya kiganja, vidole vyote vimeuzunguka lakini havibani. Tuwaeleze wasichana wa wafugaji hivi: usishike kama unayekamua, shika kama uliyebeba kifaranga. Kifundo cha mkono kinakazwa kama kimefungwa kipande cha ubao. Mkono unazunguka kwa kasi yote, ukifika nyongani hakuna kuchapa. Kiganja kinausukuma mpira mbele kama mtu anayesukuma mlango, na mkono unaishia chini, usawa wa kiuno, badala ya kupanda hadi begani.

Njia ya pili ni ya mgongo wa mkono, na inawafaa wenye mikono midogo. Mpira wa softboli si mdogo: ule wa watoto una mzingo wa sentimita 28, wa wakubwa sentimita 30 na zaidi kidogo. Ni mkubwa kuliko chungwa. Kuna msichana ambaye hata mpira wake wa kawaida anaushika kwa kiganja chote kwa kuwa vidole havifiki, na huyo njia ya kwanza haimletei tofauti yoyote. Yeye, mkono wake ukishuka kuelekea nyongani, ageuze ili mgongo wa mkono utangulie kumwelekea mdakaji, kiganja kikiangalia nyuma. Mpira unatoka juu ya vidole kama mtu anayemwaga maji ya kikombe mbele yake kwa mgongo wa mkono. Kasi inapotea yenyewe. Njia hii ni ngumu kuizoea, itachukua wiki nyingi, na mwanzoni mipira itakwenda kila upande, mingine juu ya mti. Lakini ikikomaa ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu mkono wenyewe haupungui hata chembe.

Iko njia ya tatu, ya kukunja vidole na kuubana mpira kwa vifundo vyake. Wakubwa huitumia. Kwa mkono wa mtoto wa miaka 12 tunaona iachwe kwanza.

MAZOEZI

Anzeni bila mpira. Chukueni leso kuukuu, mfunge fundo ncha moja, msichana aishike ncha nyingine na kuzungusha mkono mara kumi kwa mrusho wa kawaida na mara kumi kwa danganya-toto. Wengine wafumbe macho na kusikiliza. Leso inavuma. Sauti ikiwa nzito kwa mara kumi za kwanza na nyembamba kwa mara kumi za pili, mkono umepungua, na masikio ya wenzake yamemshika. Zoezi hili halina gharama na watoto wanalipenda kwa sababu lina ubishi.

Mavazi yaangaliwe hapo hapo. Mkono unapita karibu sana na nyonga, na vazi refu lililo pana linaushika mkono au linamfanya mtoto aupeleke mbali na mwili, jambo linaloharibu kila kitu. Wasichana wa Kiislamu wanaweza kurusha vizuri wakiwa wamevaa hijabu na suruali ndefu chini ya gauni lililofungwa kiunoni kwa leso, fundo likiwa upande usiorusha. Lakini hilo likubaliwe na wazazi kabla, si uwanjani mbele za watu. Mwendeeni mama wa mtoto nyumbani kwake, mkae, mmwoneshe jinsi mkono unavyopita. Akina mama wengi hawana kinyongo na mchezo. Wana kinyongo na kutoulizwa.

Baada ya leso, mpira kwa umbali mfupi, mita 5 au 6, mbele ya wavu mkuukuu wa kuvulia samaki ulioning'inizwa kati ya miti miwili. Wavu unaokoa kazi ya kukimbilia mipira na hauvunji kitu. Hapa hatutafuti shabaha. Tunatafuta mkono ule ule na mpira tofauti. Siku mbili tatu hivi, kisha mnarudi nyuma kidogo kidogo mpaka kwenye fundo la kamba.

Hapo ndipo mtoto atakata tamaa, kwa sababu mpira utaanguka mbele ya kibao. Utaanguka tena na tena, naye ataanza kuongeza nguvu, na ukiongeza nguvu umerudi kwenye mpira wa kawaida. Sababu yake ieleweke vizuri na anayefundisha. Kila kitu kilichorushwa kinavutwa chini, na kadiri kinavyokaa hewani ndivyo kinavyoshuka zaidi. Mpira wa sekunde 0.6 unavutwa chini kama mita 1.7 kutoka mahali ambapo ungefika kama ungekwenda moja kwa moja. Ule wa sekunde 0.77 unavutwa karibu mita 2.9. Tofauti ni zaidi ya mita nzima! Kwa hiyo danganya-toto ukiachiwa kwa mwelekeo ule ule wa mpira wa kawaida lazima uanguke chini. Dawa ni kuuachia nukta moja baadaye, mkono ukiwa umepita nyonga kidogo, ili uelekee juu kiasi. Kiasi tu. Ukipanda sana unafanya upinde kama mtu anayemtupia mtoto embe, na mpigaji anauona tangu unapotoka. Mdakaji akinyoosha kamba mbele ya kibao usawa wa macho ya mpigaji, mpira upite chini ya kamba hiyo. Ukipita juu yake, ni embe.

Zoezi la mwisho ndilo tunalolithamini kuliko yote, na linahitaji wanakikundi wenyewe. Mama wawili wasimame nyuma ya wavu, pale mpigaji angekuwepo. Msichana arushe mipira kumi, achanganye anavyotaka. Akina mama wainue mkono pale tu wanapohisi huu ni danganya-toto. Mkono ukiinuliwa kabla mpira haujatoka, basi mrushaji ana kitu kinachomsema, na akina mama watamwambia ni kipi. Hakuna mtu anayesoma uso wa mtoto kama mama aliyelea. Mmoja anauma mdomo. Mwingine anatabasamu. Mwingine anakanyaga hatua fupi. Wengi zaidi wanaupapasapapasa mpira ndani ya glavu wakitafuta mshiko, na hilo linaonekana toka mbali. Mshiko utafutwe mkono ukiwa umefichwa ndani ya glavu, na afanye hivyo hivyo hata kwa mpira wa kawaida, ili kupapasa kusiwe habari.

Mama mmoja alituuliza, "Sasa mwanangu mnamfundisha kurusha pole, si atapigwa aaibike?" Swali ni la haki. Atapigwa, mwezi wa kwanza na wa pili. Kwa hiyo asiutumie katika mashindano mpaka apite mtihani huu wa akina mama: katika mipira kumi, wasimgundue zaidi ya mara mbili.

MRUSHAJI NA MDAKAJI

Kuna mtu mmoja tu uwanjani ambaye hatakiwi kudanganywa, naye ni mdakaji. Akingoja mpira wa haraka ukaja wa polepole, utamwangukia miguuni na wakimbiaji wa upande mwingine watasonga mbele besi moja au mbili. Ndiyo maana wawili hawa wana lugha yao ya siri. Mdakaji amechuchumaa, mkono wake uko katikati ya mapaja ambapo mpigaji haoni. Kidole kimoja: haraka. Ngumi: danganya-toto. Mrushaji akikubali anaitikia kwa kichwa, asipokubali anatikisa, na ishara inatolewa upya. Mdakaji naye ana kazi ya kutosema kwa mwili: asisogee mbele mapema, asiinuke.

Hapa Kilelengwani jambo hili lina uzito wake, na tulitaje kwa jina. Tarehe 10 Septemba 2012 kijiji hiki kilishambuliwa na watu 38 wakauawa, 9 kati yao wakiwa polisi. Mapigano ya Wapokomo na Waorma yaliendelea katika delta hii mpaka mwanzo wa 2013. Wasichana wanaojifunza kurusha leo walizaliwa mwaka ule au baada yake. Hawakuona, lakini wamesikia nyumbani, na kila nyumba inasimulia kwa upande wake. Mchezo hauondoi hayo, na yeyote anayewaambia kwamba mpira unaondoa hayo anawadanganya ninyi, si mpigaji.

Tunachoweza kusema ni kidogo zaidi. Timu ikiwa na watoto wa pande zote mbili, mara nyingi utakuta wanajipanga wenyewe: hawa upande huu, wale upande ule. Kikundi kinachosimamia kinaweza kumweka mrushaji wa upande mmoja na mdakaji wa upande mwingine, na kuwaacha hivyo msimu mzima, hata kama kuna mdakaji mwingine hodari kidogo zaidi. Danganya-toto hauwezekani kati ya wawili wasioaminiana. Mrushaji anauachia mpira mlegevu mbele ya mtu mwenye gongo, akitegemea kwamba mwenzake aliyechuchumaa anajua, yuko tayari, na hakumwambia mtu. Watalazimika kukaa pamoja nje ya uwanja kupanga ishara zao. Watabishana. Mmoja atakwenda kwao mwenzake kufanya mazoezi ya leso.

Hilo la mwisho lisiachiwe watoto. Viongozi wa kikundi wapange nani anamsindikiza nani, njia ipi, na kwamba kila mtoto awe kwao kabla jua halijazama. Wazazi wa pande zote wajue siku na saa. Kukitokea tetesi zozote za ugomvi wa malisho au mashamba, mazoezi ya nyumbani yasimame na ya shuleni yaendelee chini ya mwalimu.

LINI AUTUMIE

Danganya-toto ni kama chumvi. Mrusho mmoja katika mitano au sita unatosha. Ukizidi, mpigaji anaanza kuungoja. Unafaa baada ya mipira miwili ya haraka, hasa mpigaji akiwa ameupiga wa pili kwa nguvu ukatoka nje ya mstari, maana huyo ameshaongeza haraka mwilini. Unafaa kwa mpigaji mkubwa mwenye pupa.

Usitumike kwa mpigaji dhaifu. Mtoto ambaye gongo lake linachelewa kwa mpira wa kawaida, ukimletea wa polepole umemsaidia. Ndio mwendo wake huo. Hili linasahaulika sana.

Na ushuke. Shabaha ni magotini au chini kidogo. Danganya-toto uliopita usawa wa kiuno ni zawadi, na uliopita usawa wa kifua hamtauona tena mpira huo. Afadhali uanguke kwenye kibao uhesabiwe boli.

BEGA LA MTOTO

Zamani ilisemwa kwamba kurusha kutoka chini hakuumizi, ni mwendo wa asili, mtoto anaweza kurusha kutwa. Wataalamu waliopima wameona sivyo: bega, hasa upande wa mbele, linabeba mvuto mkubwa wakati mkono unashuka kwa kasi. Wapenzi wa mchezo husimulia habari za Yukiko Ueno wa Japani, ambaye katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 alirusha mipira 413 kwa siku mbili na kuipa nchi yake dhahabu. Ni kweli. Lakini alikuwa mwanamke wa miaka 26 aliyekomaa, mwenye madaktari pembeni. Asitajwe kama mfano kwa mtoto wa darasa la sita anayeamka alfajiri kuteka maji kabla ya shule.

Ushauri unaotolewa na madaktari wa michezo wa Marekani ni kwamba msichana wa miaka 10 hadi 12 asizidi mirusho 65 katika mchezo mmoja, na mwenye miaka 13 au 14 asizidi 80. Sisi tunashauri vikundi vishike hesabu hiyo kama sheria, na mirusho ya mazoezi ya siku hiyo ihesabiwe humo humo. Katibu awe na daftari. Kila mrusho, mstari mmoja. Mistari mitano, fungu. Hesabu ikifika, mtoto anatoka hata kama mnashinda, hata kama mwalimu ananuna, na kwa sababu hiyo lazima awepo mrushaji wa pili tangu mwanzo. Akisema bega linauma mbele, hakuna kumpaka dawa ya kuchua arudi uwanjani. Anapumzika siku zote linapouma, na lisipopoa wiki moja apelekwe zahanati.

Msidhani danganya-toto haichoshi kwa kuwa mpira ni wa polepole. Mkono ni ule ule, tumeshasema. Faida yake kwa bega iko kwingine: mpigaji aliyedanganyika anatoka kwa mirusho mitatu au minne badala ya minane, na daftari la katibu litawaonesha hivyo kabla msimu haujafika nusu.

Neno kuhusu mpira wenyewe. Mipira ya dukani ni ghali na haipatikani Garsen kila mara. Vikundi vingine vimeununua mmoja kwa mchango wa mzunguko na kuuweka kwa ajili ya mashindano, mazoezi yakifanywa kwa mpira wa kushona. Ni njia nzuri. Zamani mipira ya kati tuliisokota kwa mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, basi sasa ni vitambaa vilivyokazwa kwa kamba ya katani, na juu yake vipande vya tyubu ya baiskeli. Uzito ndio wa kuangaliwa. Mpira wa wakubwa unakuwa kati ya gramu 178 na 198, na wa watoto ni mwepesi zaidi. Upelekeni dukani upimwe kwenye mizani ya sukari: ukifika robo kilo, ni mzito, fungueni mpunguze vitambaa.

Na wakati wa masika upimwe upya kila siku ya mazoezi. Uwanja wetu ni udongo mweusi, unashika maji, na mpira wa vitambaa ukibingirika humo unakunywa kama sifongo. Mtoto hatasema kitu. Ataendelea kurusha mpira uliolowa huku bega likilipa. Uanikeni juani, na siku hiyo mrudi kwenye leso.